Marawi: nenda, ila nenda na mwenyeji

Dada, umeuliza kama Marawi, kule Mindanao kusini mwa Ufilipino, pameshakuwa pa kutembelea. Nenda, ila usiende peke yako. Shukia uwanja wa ndege wa Laguindingan, panda gari hadi Iligan, halafu mwenyeji Mmaranao, yaani mtu wa kabila la pale, akupandishe mlimani hadi Marawi. Beba pasipoti. Desemba 2023 bomu lililipuka kwenye misa ndani ya chuo kikuu cha pale, kwa hiyo ulizia hali kabla hujatoka.

Vita ya 2017, kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wafuasi wa kundi la Dola ya Kiislamu (IS), ilichukua miezi mitano, Mei hadi Oktoba, na katikati ya mji pakabaki magofu. Msikiti mkuu umekarabatiwa, watu wanasali. Lakini jirani yake utaona viwanja vimeota majani, wenyewe bado hawajarudi, na sheria ya kuwalipa fidia ilipitishwa 2022. Tafadhali sana, usijipige picha mbele ya ukuta wenye matundu ya risasi. Ile ni nyumba ya mtu, na huenda mwenyewe amesimama pale pale anakutazama.

Vaa nguo za heshima, mtandio usikosekane. Ukipata nafasi, kula piaparan, kuku wa nazi na manjano, pamoja na palapa: vitunguu vyembamba vya kwao, sakurab, vikitwangwa na tangawizi na pilipili kali. Sisi wa Pwani tunaielewa mara moja! Na chukua sweta, maana Ziwa Lanao liko karibu mita 700 juu ya bahari na usiku kuna baridi.