Kabla hujanunua springi za kushusha gari, angalia shoki

Wengi wanaoniuliza kuhusu kushusha gari huanza na springi. Za kampuni ya Tein au Eibach? Inchi moja au mbili? Mimi huwauliza kwanza: tuta baya kuliko yote kwenye njia yako ya nyumbani ni lipi, na hulivuka ukiwa na watu wangapi ndani? Hapa Nairobi unaweza kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa Expressway gari likiteleza tu, kisha ukashuka na kuingia mtaa ambao wakazi wamejijengea matuta yao ya saruji, kila moja na umbo lake. Lile la mwisho kabla ya geti ndilo linaloamua gari lishuke kiasi gani. Picha za Instagram hazijui unaishi wapi.

Kwa Subaru Impreza yangu niliamua kushusha milimita 25. Kwa njia zetu, 25 hadi 30 zinatosha kuziba lile pengo la juu ya tairi bila kukwangua kila kitu. Ukizidisha, mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, ile vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi, huanza kuinamia upande usiofaa, na gari ulilolishusha ili litulie kwenye kona linaweza kuanza kulala zaidi. Wauzaji wa springi hawakuelezi hilo.

Chungulia pia kama gari lina spesa, vile vipande vinavyoongezwa kwenye springi au shoki ili kuliinua. Magari mengi ya Japani yakishafika hapa huinuliwa kwa sababu ya mashimo, na ukinunua kwa mtu huenda hakukuambia. Ukizitoa, gari linashuka bila kununua springi yoyote. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana saizi ya tairi na upepo wake vitakudanganya.

Sasa shoki. Milimita 25 unazoshusha zinatoka kwenye nafasi ile ile ambayo shoki ilikuwa ikitumia kubonyea. Ukiweka springi fupi kwenye shoki ya kawaida, shoki inaishi imebonyea nusu, karibu na ile raba inayoizuia isigonge mwisho. Ndiyo maana springi nzuri za kushusha huwa ngumu kidogo kuliko za asili: zinapaswa kuuzuia mzigo ule ule ndani ya nafasi fupi. Lakini springi ngumu pia hurudi juu kwa nguvu zaidi, na kazi ya kuituliza ni ya shoki. Ikiwa shoki imechoka, gari linadundadunda barabara ya Outering nzima, halafu mwenyewe anaapa kwamba springi ndizo mbaya.

Watengenezaji wanalijua hili. Bilstein, kwa mfano, wana B6 kwa gari la urefu wa kawaida na B8, ambayo ni fupi, kwa gari lililoshushwa. B12 ni B8 ikiuzwa pamoja na springi za Eibach. Hata kama bei yake haiko katika mipango yako mwaka huu, muulize muuzaji swali hilo hilo: shoki hii imetengenezwa kwa urefu gani? KYB Excel-G ni shoki nzuri, ila ni ya urefu wa asili. Kwa milimita 20 au 25 itavumilia. Ukishuka 40, unaitesa.

Pale Kirinyaga Road, Grogan yetu, utaambiwa, “Bosi, hizi ni ex-Japan, safi kabisa,” yaani zimetolewa kwenye magari yaliyotumika Japani. Springi za ex-Japan mimi nanunua, mradi hazina ufa wala kutu iliyokula chuma. Shoki zilizotumika sinunui. Unaweza kukagua kama mafuta yamevuja, na ile ya gesi ukiibonyeza irudi yenyewe, lakini mkono wako hauwezi kukuambia itafanyaje kazi ikibeba gari zima. Pesa zikiwa chache, springi ziwe za mtumba, shoki ziwe mpya.

Kukata springi kwa grainda, hapana. Mwisho uliokatwa mara nyingi haukai vizuri kwenye kikalio chake, na njia ya kuichoma kwa gesi ilegee ni mbaya zaidi kwa sababu moto unaharibu chuma chenyewe. Koilova za bei ya chini, yaani shoki na springi za seti moja ambazo urefu wake hurekebishwa kwa kuzungusha nyuzi, pia naziacha. Kwa mtu anayeshusha kidogo tu, ananunua uwezo wa kurekebisha urefu ambao hataugusa tena, na nyuzi zake zikishajaa matope na kutu hata akitaka hazizunguki.

Fundi akifungua, badilisha maunting za juu, pale shoki inaposhikwa na bodi, na raba za shoki hapo hapo. Ni bei ndogo ukilinganisha na kulipa kazi ile ile mara mbili. Na usiende kunywa chai wakati wa kufunga. Zile bolti zinazopita kwenye bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia juu ya jeki, bushi inabaki imejipinda kila siku na itapasuka mapema. Mafundi wazuri wanajua, lakini jioni ya Jumamosi kila mtu ana haraka.

Alainmenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, ni lazima, na ni vizuri isubiri siku chache springi zikae. Pima tena kwa vipimo ulivyoandika, kisha omba karatasi ya kabla na baada. Kemba, ule mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, ikiongezeka kidogo si neno. Tairi zikielekea nje kupita kiasi ndipo utaona ukingo wa ndani umeisha huku nje kungali kupya. Taa za mbele nazo zirekebishwe, hasa kama mbele na nyuma havikushuka sawa.

Springi za asili usimpe fundi. Zifungie stoo, maana mteja wa gari lako siku ya kuuza huenda ni mtu wa Rongai ambaye swali lake la kwanza litakuwa kama linaweza kuinuliwa.