Jibu: Cyrankiewicz alidumu vipi madarakani?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Józef Cyrankiewicz, mjamaa wa chama cha PPS (Chama cha Kisoshalisti cha Poland), akakaa kwenye uwaziri mkuu wa Poland muda mrefu hivyo chini ya wakomunisti. Jibu langu: alikikabidhi chama chake kwa wakomunisti. Desemba 1948 PPS iliunganishwa na chama cha wakomunisti, PPR, kikazaliwa PZPR, chama kilichotawala Poland ya kikomunisti. Jina lilikuwa la muungano, lakini kwa kweli PPS ilimezwa. Waliopinga walikuwa wameshafukuzwa chamani, na wengine walikuwa jela.

Alikuwa waziri mkuu kuanzia 1947 hadi 1952, akarudi 1954 hadi Desemba 1970.

Kinachoniuma zaidi ni Juni 1956. Wafanyakazi wa mji wa Poznań waliingia barabarani kudai mkate na ujira wa haki, jeshi likawafyatulia risasi. Kesho yake Cyrankiewicz alisema redioni kwamba atakayeinua mkono dhidi ya utawala wa umma, utawala huo utaukata mkono wake. Na huyu ni mtu aliyefungwa na Wanazi katika kambi ya mateso ya Auschwitz! Mimi siwezi kumsamehe kauli ile.

Ukitaka kuona njia nyingine, msome Kazimierz Pużak, katibu mkuu wa PPS wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Yeye alikataa kuwapigia magoti wakomunisti. Wasovieti walimhukumu Moscow 1945, akarudi nyumbani, akakamatwa tena 1947 na serikali ambayo waziri mkuu wake alikuwa huyohuyo Cyrankiewicz, mwenzake wa zamani chamani. Pużak alifia gereza la Rawicz, 1950.