Probiotiki kwa Vifaranga wa Nyama: Saa za Kwanza Ndizo Zenye Kazi

Wafugaji wengi huniuliza ni probiotiki ipi, yaani bakteria rafiki walio hai wanaopewa kuku kwa ajili ya utumbo, iliyo bora, ilhali swali ambalo ningependa waanze nalo ni lini kifaranga anaipata. Kwa jinsi nilivyozoea kulea kuku wa nyama, dozi ya siku ya kwanza hufanya kazi ambayo dozi ya wiki ya tatu haiwezi kuifidia.

Kifaranga aliyeatamiwa na mama yake huokota bakteria wa tumboni kutoka kwenye manyoya na kinyesi cha mama huyo. Huyu wetu huanguliwa ndani ya mashine iliyosafishwa kwa dawa, hafiki kamwe karibu na kuku mkubwa, na utumbo wake huwa karibu mtupu, kwa hiyo bakteria wanaotangulia kuingia ndio wanaojitwalia nafasi. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ufini, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga wapya waliopewa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku wakubwa waliihimili salmonela, bakteria wa ugonjwa, vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Bakteria rafiki hushika kuta za utumbo, hugombania chakula na wale waharibifu, na hutoa asidi zinazowadhoofisha.

Faida haiishii hapo. Kingamwili ambazo kifaranga hurithi kupitia kiini cha yai hupungua sana ndani ya wiki mbili au tatu, wakati kinga yake mwenyewe bado inajengwa, na sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika utumbini kwa kuchochewa na bakteria waliomo. Bursa, kile kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya kinyesi, ndipo seli za kutengeneza kingamwili zinapokomaa, na ndicho kiungo ambacho ugonjwa wa virusi uitwao Gumboro hukishambulia. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi. Akicheleweshwa mwanzoni, hana muda wa kufidia.

Ndiyo maana nasisitiza sana habari ya maji. Probiotiki ni viumbe hai, na klorini inayoua vijidudu kwenye maji haiwabagui. Mimi hutumia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, huchanganya kiasi kitakachonywewa kwa saa chache tu, kisha huosha vinyweo na kuchanganya upya, kwa sababu mchanganyiko uliokaa kwenye joto la bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, hupoteza nguvu. Aina za Lactobacillus ni dhaifu mbele ya joto, hivyo huzipitisha kwenye maji. Bacillus subtilis hujifunika kwa ganda gumu na huweza kustahimili hata joto la kutengeneza chakula cha punje.

Hata hivyo, kifaranga asiyekunywa hapati chochote. Jioni ya siku wanapofika huwashika kadhaa kutoka pembe mbalimbali za bruda na kulibonyeza gole, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, taratibu kwa ncha ya kidole: likiwa limejaa na laini, amekula na kunywa, likiwa gumu, amekula bila maji, likiwa tupu, huangalia kwanza kama joto karibu na sakafu limefika nyuzi 32 au 33, kwani mwenye baridi hujikunyata na kusahau kinyweo. Hakuna pakiti itakayotibu bruda yenye baridi.

Jambo ninalolipinga waziwazi ni kuwapa vifaranga wazima antibayotiki siku za mwanzo eti kwa tahadhari, kisha kuwapa probiotiki siku hiyohiyo. Ya kwanza huwaua wa pili, na fedha zote mbili hupotea. Ugonjwa ukithibitishwa, dawa itolewe na ikamilishwe kama daktari wa mifugo alivyoelekeza, na probiotiki irudi kwenye maji siku inayofuata baada ya dozi ya mwisho, kwa siku tatu hadi tano, huku ukitazama kama kinyesi kinarudi kuwa kikavu chenye ncha nyeupe.