Maswali yenu kuhusu SQL: uliza kwanza kwa Kiswahili

Maswali ya juma hili yametoka Lubumbashi, yote yanahusu SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata.

Mwalimu, nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza sikijui. Nitaweza kweli? (Mwanafunzi, Katuba)

Utaweza, mdogo wangu. Maneno ya Kiingereza ya kuanzia ni machache na hayabadiliki. Yaliyobaki ni yako, yaite kwa Kiswahili:

SELECT jina, deni FROM wateja WHERE deni > 50000;

Yaani: nipe jina na deni, kutoka kwa wateja, wale wanaodaiwa zaidi ya 50,000. Andika swali lako kwenye kaye (daftari) kwa Kiswahili kabla ya kugusa kompyuta. Likikushinda hapo, ujue hujaelewa unachotafuta, na SQL haitakutafutia. Ila majina ya safu, yaani ya nguzo za jedwali kama jina na deni, yasiwe na alama za Kifaransa juu ya herufi. Badala ya *quantité* andika *idadi*.

Nina depo ya unga karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mwanangu alinitengenezea jedwali la mauzo, lakini jumla inayotoka haieleweki kabisa.

Mama, nimeona mistari uliyonitumia. Dola 20 na franka 20,000 zimekaa safu moja, kompyuta ikajumlisha 20,020. Yenyewe haijui pesa, inajua namba tu. Mwambie mwanao aongeze safu iitwayo *pesa*, kila mstari uandikwe 'FC' au 'USD', kisha aulize:

SELECT pesa, SUM(kiasi) FROM mauzo GROUP BY pesa;

Utapata jumla mbili, kila moja na pesa yake. Na kiwango cha kubadilisha dola kiandikwe siku ileile ya mauzo, kwenye safu yake. Ukipiga hesabu ya mauzo ya mwezi wa tatu kwa kiwango cha leo, faida utakayoiona haikuwepo.

Kuhusu waliochukua unga kwa deni: tarehe ya malipo ikiwa tupu, SQL huiita NULL, maana yake haijulikani. Si sifuri. Ukiandika = NULL hupati hata mteja mmoja, ingawa wadaiwa wamejaa. Andika IS NULL. Hili huwapotosha hata wazoefu.

Sentensi ya SQL niliyoinakili kutoka kwenye barua inakataliwa, niliyoiandika kwa mkono inakubaliwa. Kwa nini?

Programu ya barua imepinda alama zako za kunukuu. SQL inataka ' iliyonyooka.

Umeme unakatika kila mara na intaneti ni ghali. Nianze na programu gani?

SQLite. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000, ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Hifadhidata nzima ni faili moja, unainakili kwenye flashi na kwenda nayo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukifungua tena inafuta kazi iliyoishia njiani na kurudi ilivyokuwa.

Niliandika UPDATE, amri ya kubadilisha, nikasahau WHERE. Sasa wateja wote wana deni moja!

Pole sana. Kama una nakala ya jana, irudishe. Kuanzia leo tanguliza BEGIN, amri ya kuanza kazi inayoweza kutenguliwa. Kisha UPDATE yako, halafu tazama kwa SELECT. Ukiridhika andika COMMIT, kuthibitisha. Ukishtuka andika ROLLBACK, kutengua. Na madeni yatarudi kama yalivyokuwa.