Malipo, kulipa au ulipaji?

SWALI: Tuko watatu hapa Majengo, Moshi. Tunaandika maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa vipande vya programu vilivyo tayari, itakayotumiwa na vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Moduli ya fedha (faili la programu lenye kazi za fedha) mmoja anataka iitwe "kulipa", mwingine "malipo", mimi "ulipaji". Tushike lipi? Tena "ng'ombe" tuliandikeje, maana Python, lugha ya programu tunayotumia, inalikataa?

JIBU: Shikeni "malipo". Yote matatu yametoka kwenye kitenzi "lipa", lakini hayafanyi kazi moja. "Kulipa" ni tendo. "Ulipaji" ni namna tendo linavyokwenda; mfugaji husema "ulipaji wa chama chetu unasuasua". "Malipo" ni kile kinacholipwa. Moduli ni kabati, na kabati huitwa kwa kilichomo. Vitenzi viwekeni ndani, bila ku-, ili "malipo.hakiki" na "malipo.tuma" zisomeke kama maagizo, kwa kuwa ndivyo zilivyo. Mkianza kila jina na ku-, moduli zote zitapanga foleni kwenye herufi K. Watunga kamusi walishaliona hilo: katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu "kulipa" hutaikuta kwenye K, utaikuta "lipa" kwenye L.

(Wingi ni "moduli hizi". "Mamoduli" nimeisikia Arusha, mimi siiandiki.)

Sasa ng'ombe, na hapa ndipo penye uzito. Kwa Python alama ile ya ritifaa (') hufungua au kufunga maandishi, kwa hiyo haiwezi kukaa katikati ya jina. Kwetu sisi ritifaa si pambo: "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, "ngoa" ni tamaa au wivu. Ukiifuta, umeandika sauti nyingine. Ndiyo maana ningekwepa kabisa na kuiita moduli hiyo "mifugo", ambayo kesho itapokea na mbuzi. Kama lazima awe ng'ombe peke yake, andikeni "ngombe" kwenye jina la faili, kisha katika maelezo ya juu ya faili mliandike neno kamili.

Ila kwenye risiti ya mfugaji msikubali "ngombe" hata siku moja. Huko hakuna kizuizi: ndani ya programu lizungusheni neno kwa alama za kunukuu zenye vistari viwili, "ng'ombe", badala ya zile za kistari kimoja, na kompyuta italipitisha na ritifaa yake.