Mjomba, kinachofunga shule ni basi

Shikamoo Mjomba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili tukiwa na mwanangu, akacheka mpaka akateleza kwenye kochi. Unasema umekuwa mwalimu mkuu Muheza masika baada ya masika, watoto wanafika viatu mkononi, sare zimewaganda mwilini, na hukufunga shule hata siku moja. Sasa unataka kujua hawa Wamarekani wenye kila kitu wanafungaje shule kwa ajili ya theluji, na amri inatoka kwa nani. Kwa Waziri?

Waziri hayumo kabisa. Hapa Minnesota shule ziko chini ya wilaya za elimu, kila wilaya ina bodi yake inayopigiwa kura na wakazi, na bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi. Huyo mkurugenzi ndiye mwenye neno. Ndiyo maana watoto wa upande wetu wanaweza kulala hadi saa tatu huku wa ng'ambo ya barabara wamepanda basi. Gavana akiingia mwenyewe, jua ni jambo zito. Mark Dayton alizifunga shule zote za umma za jimbo tarehe 6 Januari 2014, na ilikuwa imepita miaka 17 tangu gavana yeyote afanye hivyo. Na hapo kilichozifunga ni baridi, si theluji.

Theluji yenyewe hapa wameizoea kama nyie mlivyozoea matope. Ikidondoka jioni, magreda yanaizoa usiku kucha na chumvi inamwagwa barabarani, asubuhi watu wanakwenda zao. Shida ni pale inapoanza kuanguka alfajiri, saa zilezile ambazo mabasi yanatoka, au baridi inapozidi. Chumvi nayo ina mwisho wake: joto likishuka chini ya nyuzi kama 9 hasi, haiyeyushi kitu cha maana. Dizeli inaanza kuganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Lushoto, basi linalala kwenye yadi. Kwa hiyo saa tisa, saa kumi za usiku, kuna watu wanazunguka na magari kupima utelezi kwenye vilima na kona, mkurugenzi yuko kwenye simu na wakuu wa mabasi, na watu wa magreda, na wakurugenzi wenzake wa jirani, huku akisoma utabiri.

Unaposema tunawadekeza watoto, fikiria kituo cha basi. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Mtoto amesimama gizani, basi limechelewa, upepo unavuma. Hapa hawahesabu joto la hewa tu, wanahesabu na upepo. Vikifika pamoja nyuzi kama 37 hasi, ngozi iliyo wazi inaganda kwa dakika 10. Na si kila mtoto ana glavu, Mjomba. Hili watu wa nyumbani hawaliamini. Ila kufunga nako kuna mzigo wake: tangu 2023 sheria ya jimbo inawapa wanafunzi chai ya asubuhi na chakula cha mchana bure shuleni, na wapo ambao mlo wao wa kueleweka ni huo. Mkurugenzi akifunga halafu jua likawaka, anatukanwa. Asipofunga basi likatumbukia mtaroni, ndiyo usiseme. Kazi hiyo mimi siitaki hata kwa mshahara wake.

Sasa nikwambie upande ambao hatupigi picha tukawatumia.

Simu inalia saa kumi na dakika hamsini. Sauti iliyorekodiwa, ya upole, inasema leo shule imefungwa. Zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza saa kumi na mbili na nusu. Wazee hawafungwi. Lazima mtu awageuze kitandani, awaoshe, awape dawa na uji. Saa zangu za ruhusa ya kulipwa zikishaisha, nisipokwenda sina ujira wa siku hiyo, na juu yake naandikiwa pointi, zikijaa naonyeshwa mlango. Mwanangu ana miaka saba, siwezi kumwacha peke yake. Kinachoniokoa ni mama mmoja Msomali wa ghorofa ya juu. Nampandisha mtoto kwake kabla hajafumbua macho vizuri, na kompyuta ya shule kwapani, maana siku hizi wilaya zinaruhusiwa hadi siku tano kwa mwaka za kusomea nyumbani kwa intaneti. Mama huyo ana watoto wake wanne. Watano hao wanagombania chaja moja, na nani anasoma nini Mungu ndiye anayejua. Jioni nampelekea chapati. Hela hataki.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa yalikuwa ya Januari 2019. Tarehe 30 asubuhi Minneapolis ilikuwa nyuzi 33 hasi, na hapo upepo bado hujauweka. Shule zilifungwa. Posta ya Marekani, ambayo nimeambiwa haijali mvua wala jua, ilisimamisha kupeleka barua jimboni. Mimi nilikwenda kazini. Vinywele vya puani viliganda nikivuta pumzi ya kwanza tu mlangoni, vinachomachoma kama nimenusa miiba. Kubeba boksi hakuna likizo, lakini wewe siku hiyo nilikutumia salamu kuwa sijambo.

Mwanangu lakini anaiombea theluji. Wamefundishana shuleni uganga wao: unavaa nguo za kulalia ulizozigeuza ndani nje, unalalia kijiko chini ya mto, unatupa vipande vya barafu chooni na kuvuta maji. Ukivifanya vyote usiku, asubuhi shule imefungwa. Ukisikia Mzungu hana uganga, kataa.

Jana utabiri ulisema inakuja nyingine. Akafanya yote, barafu mpaka ikaisha kwenye friji. Alipolala niliingia polepole, nikakitoa kijiko chini ya mto nikakirudisha jikoni. Zamu ya leo ilikuwa ya malipo ya mara moja na nusu.

Saa kumi na dakika hamsini simu ikalia vilevile.