Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Pango Ikishawekewa Ukomo

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu udhibiti wa kodi ya pango, yaani sheria inayoweka mwisho wa kodi ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kutoza au kuongeza. Tumechagua tano. Wengine walioandika ni wapangaji, wengine wana nyumba zao, na mmoja bado anatafuta chumba.

SWALI: Sheria inaruhusu nyongeza ya asilimia 3 kwa mwaka, si zaidi. Notisi niliyoletewa inasema asilimia 3 kamili, lakini nikijumlisha ninacholipa kwa mwezi naona kimepita hapo. Nani amekosea hesabu? (Mpangaji wa miaka minne)

JIBU: Weka mezani vitu vitatu: mkataba, risiti ya mwezi uliopita na hiyo notisi. Anza na msingi wa hesabu, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hujificha. Tuseme kodi yako ni 100, na maji na taka unalipia 12 kando. Asilimia 3 hupigwa kwenye 100, unapata 103. Ikipigwa kwenye 112, nyongeza inakuwa 3.36. Ni tofauti ndogo, ila mwakani hiyo 103.36 ndiyo itakayokuwa msingi mpya, na kosa litaendelea kuzaa mwaka hadi mwaka.

Kisha angalia tarehe. Ukomo wa mwaka una maana kwamba miezi 12 lazima iwe imepita tangu nyongeza ya mwisho. Halafu tazama ada mpya. Kama stoo au nafasi ya gari ilikuwa ndani ya kodi na sasa inatozwa peke yake, hiyo ni nyongeza iliyobadilishwa jina. Katika miji mingi yenye udhibiti, kupunguza huduma huhesabiwa sawa na kupandisha kodi. New York, kwa mfano, mpangaji aliye chini ya mfumo huo anaweza kuomba kodi yake ishushwe endapo huduma aliyokuwa akipata imeondolewa.

Jambo moja tunakusihi: usiache kulipa. Mpangaji mwenye haki zote huipoteza kesi yake siku anapozuia kodi nzima kwa hasira, kwa kuwa kutolipa ni sababu halali ya kuondolewa karibu kila mahali. Lipa kiasi unachoamini ni halali kwa njia inayoacha alama, benki au simu, ukitaja mwezi unaoulipia. Siku hiyohiyo mpelekee mwenye nyumba barua yenye hesabu yako, nawe ubaki na nakala.

SWALI: Nina jengo la familia sita. Nyongeza ni asilimia 3, ilhali gharama zangu zinapanda kwa asilimia 8 kila mwaka. Paa limeanza kuvuja. Nitaendeleaje bila kuvunja sheria? (Mwenye nyumba)

JIBU: Malalamiko yako yana msingi, na namba zinayathibitisha. Chukua kodi ya 100 kwa mwezi kwa kila familia. Kwa mwaka jengo linaingiza 7,200. Tuseme matengenezo, bima, ushuru wa jengo na ulinzi hula 3,000, unabaki na 4,200. Baada ya miaka mitano ya asilimia 3, mapato yamefika kama 8,347. Gharama zikipanda asilimia 8 kwa muda huohuo zinafika 4,408. Unabaki na 3,939 hivi. Tena, kama bei zote zimepanda kwa kasi hiyo, fedha hizo zinanunua kile ambacho mwanzoni kingenunuliwa kwa 2,680.

Hapo ndipo nyumba inapoanza kuoza, hata kama mwenyewe ni mtu mwema. Kinachokatwa kwanza ni kile kisichoonekana: kusafisha mifereji ya paa, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kubadilisha valvu zilizochoka. Maji yakishaingia ndani ya dari, kazi iliyotaka fundi mmoja kwa nusu siku inakuwa ya kung'oa mbao.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1915, iliyopitishwa baada ya mgomo wa kodi wa Glasgow, ilirudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914, na papo hapo ikazuia riba ya mikopo ya nyumba isipande. Mtunga sheria alikumbuka kwamba mwenye nyumba naye ana anayemdai. Siku hizi njia inayotumika zaidi ni kufunga nyongeza kwenye mfumuko wa bei. California, tangu mwaka 2020, inaruhusu asilimia 5 pamoja na mfumuko, mradi jumla isizidi 10. Oregon ilianza mwaka 2019 na asilimia 7 pamoja na mfumuko, na mwaka 2023 ikaongeza kikomo cha asilimia 10. Kwa maoni yetu, ukomo usiotazama mfumuko wa bei ni sheria mbovu, hata kama nia yake ni njema, kwa sababu mpangaji ndiye atakayelala chini ya paa hilo.

Sasa kuhusu paa lako. Sheria nyingi za namna hii zina mlango wa maombi maalumu, na kwa kawaida ni wa aina mbili. Ya kwanza ni kurudisha gharama ya ukarabati mkubwa. Gharama hugawanywa kwa miaka ambayo kifaa kinatarajiwa kudumu, kisha kwa idadi ya nyumba. Paa jipya likigharimu 7,200, sawa na kodi ya mwaka mzima ya jengo lote, na likipewa maisha ya miaka 20, yaani miezi 240, utapata 30 kwa mwezi. Kwa familia sita ni 5 kila mmoja. Kuna mahali hata hiyo 5 haiingii kwa mkupuo: New York, tangu mabadiliko ya mwaka 2019, nyongeza ya aina hii haipiti asilimia 2 ya kodi kwa mwaka, kwa hiyo 5 kwenye kodi ya 100 ingechukua miaka mitatu kukamilika.

Aina ya pili ni maombi ya mapato ya haki. Hapa bodi inayosimamia udhibiti hulinganisha faida yako ya uendeshaji katika mwaka wa msingi, yaani mwaka unaoanzia hesabu, na ya sasa, kama tulivyofanya hapo juu. Marejesho ya mkopo mara nyingi hayahesabiwi kama gharama, na wengi huangukia hapo: wanapeleka karatasi za benki, wakaacha risiti za fundi.

Maombi hukwama kwa sababu zilezile. Risiti hazina anwani ya jengo. Kazi ya kuziba matundu imeandikwa kuwa paa jipya, ilhali matengenezo ya kawaida hayarudishwi kwa njia hii. Wapangaji hawakupewa notisi. Au kazi imeanza kabla ya kibali pale ambapo kibali kinatakiwa. Piga picha kabla ya kazi, katikati na baada, na uombe fundi aandike vifaa na kazi katika mistari tofauti. Na tafadhali, usijaribu ile njia ya kukata maji au kuacha lifti imekufa ili watu wahame wenyewe. Utawaumiza watu, na bodi inaweza kuishusha hata hiyo kodi uliyonayo.

SWALI: Nimepata kazi kwenye mji wenye udhibiti wa kodi. Waliomo wanalipa kidogo, lakini mimi natajiwa karibu mara mbili kwa nyumba ya aina ileile. Udhibiti huo ni wa nani basi? (Anayetafuta chumba)

JIBU: Swali lako ndilo lililotupa kazi kubwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kifungu kimoja cha sheria: nyumba ikibaki wazi, nini hutokea? Kuna sheria zinazoifuata nyumba, kwamba mpangaji mpya analipa pale alipoachia wa zamani. Nyingine zinamfuata mtu: akihama, mwenye nyumba anarudi bei ya soko. California ina sheria ya mwaka 1995 inayoilazimisha miji yake kufuata njia hii ya pili.

Ukomo ukimfuata mtu, mwenye nyumba anajua kwamba hiyo siku ya kuandika mkataba ndiyo nafasi yake pekee ya kupanga bei, basi anaipandisha mapema ili kufidia miaka ijayo. Scotland ilizuia kodi za wapangaji waliokuwamo kuanzia Septemba 2022, na baadaye ikaruhusu asilimia 3 hadi Machi 2024, lakini mikataba mipya iliachwa nje. Kodi za nyumba zilizotangazwa upya zilipanda sana wakati huo.

San Francisco inatoa picha ya karibu zaidi. Mwaka 1994 wapiga kura waliingiza kwenye udhibiti majengo madogo yaliyojengwa kabla ya 1980. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliofuatilia majengo hayo waligundua kwamba wapangaji waliomo walinufaika kweli: uwezekano wa kubaki kwenye anwani zao uliongezeka kwa asilimia 10 hadi 20. Lakini wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, kwa kuziuza kama nyumba za kuishi mwenyewe au kuzijenga upya, na kodi ya mji mzima ikapanda kwa asilimia 5.1. Mzigo huo wa asilimia 5.1 unawaangukia wanaokuja, kama wewe.

Ukomo ukiifuata nyumba nako kuna shida zake. Watu hawahami. Mjane anabaki na vyumba vinne, familia ya watu watano inabanana kwenye viwili, kwa kuwa kubadilishana ni kupoteza kodi nafuu. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba New York kama mpangaji mmoja kati ya watano alikuwa na vyumba vingi au vichache kuliko ambavyo angekuwa navyo bila udhibiti. Stockholm watu husubiri foleni rasmi ya nyumba kwa miaka mingi, na foleni ndefu huzaa kilemba, yaani fedha za siri za kupatiwa nyumba. Uswidi iliamua mwaka 2019 kwamba hata anayenunua mkataba kwa magendo anatenda kosa, si muuzaji peke yake. Kwa hiyo dalali akikutajia fedha za kuingilia zisizo na risiti, usizitoe. Huna pa kuzidai, na unaweza kujikuta mshtakiwa.

La kufanya kabla ya kusaini: uliza kwa maandishi mpangaji aliyetangulia alikuwa akilipa kiasi gani. Ujerumani, mwenye nyumba anayetaka kutoza juu ya kikomo kwa kutegemea kodi ya zamani analazimika kukueleza jambo hilo kabla ya mkataba. New York unaweza kuiomba serikali ya jimbo historia ya kodi ya nyumba unayoishi, na tofauti usiyoielewa kati ya mstari mmoja na unaofuata ndiyo ya kuulizia.

SWALI: Nina kiwanja. Nijenge nyumba za kupangisha, au udhibiti utanimaliza?

JIBU: Soma kwanza sheria inasema nini kuhusu majengo mapya. Mji wa St. Paul, Minnesota, ulipiga kura Novemba 2021 kuweka ukomo wa asilimia 3 bila kuyaacha nje majengo mapya. Maombi ya vibali vya ujenzi yalishuka mara moja, na Septemba 2022 baraza la mji likabadili sheria na kuyasamehe majengo mapya kwa miaka 20. California huyaachia miaka 15. Weka idadi hiyo ya miaka kando ya muda wa mkopo wako: msamaha wa miaka 15 na mkopo wa miaka 25 maana yake una miaka 10 ya kulipa deni chini ya ukomo, na hesabu za benki zinatakiwa kuionyesha.

SWALI: Mkataba wangu mpya una kodi mbili: moja ya sasa, na nyingine kubwa ya kuanza kutumika "sheria ikifutwa". Nisaini?

JIBU: Mikataba ya namna hiyo ilienea Berlin, mji wa Ujerumani ambao pia ni jimbo. Jimbo hilo lilifungia kodi kuanzia Februari 2020 kwa kiwango cha Juni 2019. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikatangaza kwamba sheria hiyo ni batili tangu mwanzo, kwa sababu mamlaka ya kuitunga yalikuwa ya serikali ya shirikisho. Wengi waliokuwa wakilipa kodi ndogo wakadaiwa tofauti ya miezi yote.

Kama kuna kesi mahakamani dhidi ya sheria inayokulinda, na nyumba unaihitaji, saini kwa masharti mawili yaandikwe: kwamba tofauti ya nyuma, ikidaiwa, italipwa kwa awamu, na kwamba kodi kubwa nayo isivuke kikomo cha sheria nyingine yoyote iliyopo. Halafu kila mwezi weka tofauti hiyo kwenye akaunti ya peke yake. Sheria ikisimama, fedha ni zako. Ikianguka, unalipa ndani ya wiki moja, na hakuna wa kukutoa kwa deni.